Bango la Wodi ya Wazazi

"Herufi zako zinanong'ona," bosi alisema, amelishika bango langu kwa ncha za vidole kana kwamba lina masizi. "Bango la hospitali linatakiwa lipige kelele, bwana!"

Nilizichagua nyembamba kwa makusudi. Karatasi nyeupe, katikati benchi tupu, na chini yake herufi ndogo ambazo lazima usogee ndipo uzisome: ALIFIKA MAPEMA. Sikutaka mtu alipite tu. Nilitaka asimame, ainame kidogo, aone haya.

Hospitali ilikuwa imeagiza bango la kuwahimiza wajawazito wawahi kufika kujifungua. Hospitali ileile! Miaka miwili kabla ya hapo, mama alimpeleka dada yangu pale saa kumi na mbili asubuhi. Wakaambiwa wakae kwenye benchi, wasubiri. Saa tisa alasiri walikuwa bado wamekaa. Saa kumi dada hatukuwa naye tena, yeye na mtoto wake. Kwenye faili wakaandika eti mgonjwa alicheleweshwa nyumbani. Mama aliapa mbele ya daktari, mbele ya majirani, mbele ya kila aliyekuja kutupa pole, kwamba alimfikisha kungali na umande. Hilo ndilo lililomfanya aweze kuamka asubuhi na kula.

"Kwa hiyo unatulaumu sisi?" afisa wa hospitali aliuliza alipoliona benchi. Hakupandisha hata sauti.

Bosi alichekacheka, kisha akanivuta pembeni. "Msiba wako uache nyumbani. Kazi hii ikitupita, wewe ndiye wa kwanza kufunga virago."

Ningeweza kukataa. Sikukataa, na sina wa kumsingizia. Nilifuta benchi, nikachora saa kubwa ya ukutani, na chini yake mwanamke mwenye tumbo, mdogo kama sisimizi, anakimbia. Juu nikaweka FIKA MAPEMA, herufi nene, nyekundu, zenye kona kali, nikazilaza kidogo ili zimwinamie. Na kinachonichoma hadi leo ni kwamba lilikuwa bango zuri. Hata asiyejua kusoma alielewa kosa ni la nani. Lilibandikwa kila ukuta wa hospitali, nami nikapongezwa, nikapeana mikono na watu.

Siku moja mama alirudi kutoka kupima presha. Alivua viatu, akakaa.

"Nimeliona bango lako."

"Nani kakwambia ni langu?"

"Mkono wako nitaacha kuujua mimi? Umenichafulia kuta ngapi?"

Nikasubiri anitukane. Wallahi, nilitamani anitukane.

"Nimesimama pale mpaka nesi akaniuliza kama naumwa," alisema. "Wewe umeyasomea haya mambo. Usingeandika kitu usicho na hakika nacho. Hebu niambie ukweli, mwanangu, sitakasirika. Nilimchelewesha, eh?"

Nilimwambia hapana. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia hapana, hapana mama, hukumchelewesha, wanasema uongo, na mimi nimesema uongo pamoja nao.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipapasa bega, kama mzazi anayemshukuru mwanawe kwa kujaribu kumficha ukweli mchungu, akaomba maji ya kunywa.