Maji Kabla ya Miguu

Katika ofisi yetu ya kamusi, kitenzi cha Kiingereza hakipewi maana mpaka kiigizwe. Mhariri anasimama mbele ya meza ndefu, anatenda bila kusema, na wenzake wanataja neno la Kiswahili. Wakikaa kimya, maana hiyo haiingii. Kawaida hiyo niliianzisha mimi, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu ilipofika zamu ya *run*.

Nilikuwa nimerudi kazini na fimbo baada ya kupasuliwa goti. Mhariri mkuu, aliyemwoa mdogo wangu, alitaka herufi yote ya R aichukue Nukta, mwenzetu anayefupisha kila kitu mpaka salamu. Nilikataa katakata. Herufi hiyo nimeilea mwenyewe.

Nilianza na bomba. Nilifungua koki ya kuwazia hewani, nikafuata maji kwa kidole mpaka sakafuni.

"Yanatiririka," wakasema.

Nilichovya kitambaa chekundu kwenye beseni, maji yakageuka rangi.

"Kinachuja."

Nikawapungia mikono wapiga kura wasiokuwepo, meno yote nje.

"Anagombea," akasema Nukta, "na kura yangu hupati."

Shemeji hakucheka. "Mbona umeanza na maji? Kila mtu anajua hili ni neno la miguu."

"Wanaochimba asili ya maneno wanalirudisha kwenye shina la kutiririka. Maji yalitangulia."

"Au umeyatanguliza kwa sababu ya goti? Shemeji, pumzika. Hilo la miguu nitaliigiza mimi."

Damu ilinichemka. Kuambiwa nimezeeka ningevumilia, lakini kuambiwa napindisha kamusi ili nifiche mguu wangu, hapana. Na iliniuma zaidi kwa kuwa alilisema kwa huruma.

Nilimkabidhi Nukta fimbo.

"Mke wangu ataniua," akasema shemeji.

"Mwambie dada yake ni mkaidi. Anajua."

Nilitoka mezani kuelekea dirishani. Goti liliwaka moto, miguu ikagombana, kiwiko kikaangusha sanduku la kadi. Lakini nilikwenda, na kwa kitambo kidogo miguu yote miwili iliachana na sakafu. Nilidaka ukingo wa dirisha, nikageuka huku jasho likinitoka.

Walikuwa kimya wote. Walikuwa wakinionea huruma, na kwa kawaida niliyoianzisha mwenyewe, kimya hicho kingeifuta maana pamoja na mimi.

"Semeni mlichokiona," nikawaambia.

Nukta alimtazama shemeji. Shemeji alilitazama goti langu, kisha akanitazama usoni.

"Anakimbia," akasema.

Nilichukua fimbo yangu, nikarudi kitini, nikaandika maana ya kwanza: tiririka. Ya pili: kimbia. Safari hii hakuna aliyeniuliza kwa nini.