Mtaimbo wa Mwalimu Dorkasi

Kipindi cha tatu kilikuwa kimefika nusu pale wasichana sita wa darasa la sita walipoingia kwa mkupuo, sare zimelowa mabegani, mchanga wa mtoni umewaganda hadi magotini. Hawakuomba radhi. Walikwisha kuacha kuomba radhi tangu mwezi wa tatu, na Mwalimu Dorkasi naye alikwisha kuacha kuwauliza walikotoka. Aliwasubiri wakae, akageukia ubao na kumalizia wenzo wake: mstari mrefu, pembetatu chini yake katikati, kisanduku upande mmoja, mshale upande wa pili.

"Wenzo una sehemu ngapi?"

"Tatuuu!"

"Zitajeni."

"Mzigo, egemeo, jitihadi!"

Waliimba vizuri. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu mwalimu wa sayansi aache chaki na kwenda mjini Dodoma kuuza mitumba, kama wengi walioona milango ya biashara imefunguliwa. Somo lake akapewa Dorkasi, ambaye chuoni alisomea Kiswahili. Alilifundisha kwa njia aliyoiweza, yaani kwa kukaririsha, na watoto walifaulu.

Brightness, mmoja wa wale sita, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, wenzo unaweza kuliondoa lile jiwe?"

Hapakuwa na haja ya kuuliza jiwe gani. Mvua za El Niño zilizofunga mwaka na kufungua mwingine zilikuwa zimemomonyoa kilima nyuma ya shule, na mwamba mmoja ukaporomoka na kulala juu ya mdomo wa kisima kama fahali aliyeshiba. Tangu siku hiyo maji yalichotwa kwenye mchanga wa mto, mwendo wa saa moja na nusu kwenda tu, na waliokwenda ni wasichana. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Methusela, alikwisha kwenda wilayani mara tatu kuomba gari lenye winchi. Mara zote tatu alirudi na ahadi.

"Nakilini kwanza," Dorkasi alisema. "Swali hilo tutalirudia."

Aliwageuzia mgongo, uso ukimwaka. Si kwamba swali lilikuwa gumu. Lilikuwa rahisi mno, na yeye hakuwa na jibu lake. Miaka mitano alikuwa amelitaja neno jitihadi bila kunyanyua kitu kizito kuliko daftari za kusahihisha.

Jumatatu iliyofuata aliwapeleka kisimani. Walipata nguzo ndefu ya mgunga, wakaisukumia ncha chini ya mwamba, wakaweka tofali chini ya nguzo, katikati yake, kama picha ilivyoonyesha. Dorkasi aliwaamuru watoto wakae mbali, akaing'ang'ania nguzo peke yake kwa uzito wake wote. Mwamba haukutikisika. Akaruka, akaiangukia tena. Nguzo ililia, ikapasuka, na kipande kikamrudia mkononi.

Katika hospitali ya misheni ya Mvumi walimfunga vidole viwili vya mkono wa kulia kwa vibao na bendeji. Aliporudi, mwalimu mkuu alikuwa akimngoja ofisini. Mwalimu Batholomeo hakuwa mtu wa kupayuka, na siku hiyo pia hakupayuka.

"Ni bahati tu kwamba ni mkono wako, Mwalimu Dorkasi, wala si kichwa cha mtoto wa mtu. Mambo ya jiwe yaishe leo."

"Naelewa, Mwalimu."

Alielewa kweli. Lakini usiku ule, kila maumivu yalipomwamsha, hakuuwaza mkono. Aliwaza nguzo. Kwa nini imekataa? Kitabu hakikusema uongo. Basi yeye ndiye hakukisoma sawasawa.

Jumamosi gari la hospitali lilikwenda mjini kuchukua dawa, akaomba lifti. Alishukia Makole, kwenye yadi ya Mzee Jaffer, msafirishaji ambaye malori yake makuukuu ndiyo yaliyoleta mabati ya shule miaka ile. Alimkuta ameketi juu ya gurudumu, kofia kichwani, akichambua boliti ndani ya karai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Huo mkono umegombana na nani?"

"Na jiwe."

Alimsimulia yote. Mzee alisikiliza bila kuacha boliti zake.

"Egemeo uliliweka wapi?"

"Katikati."

"Kwa nini katikati?"

"Ndivyo nilivyozoea kulichora."

Mzee Jaffer hakucheka. Aliinuka taratibu, akachukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa ukutani, akampeleka penye injini iliyokaa chini kwenye mafuta yake. Aliusukumia mtaimbo chini ya injini, akaweka kipande cha reli chini ya mtaimbo, umbali wa kiganja tu kutoka kwenye injini. "Kandamiza huku mwisho. Kwa mkono huo mzima."

Dorkasi alikandamiza. Injini ambayo wanaume wanne wangeihemea ilijiinua upande mmoja, polepole, kama mtu anayeamka. Aliusikia uzito wake ukipita ndani ya chuma na kumfikia kiganjani ukiwa mwepesi. Machozi yalimlengalenga, akaona aibu.

"Basi, usipandishe zaidi," mzee alisema, akiingiza kibao kwenye uwazi. "Shusha. Sogeza egemeo. Anza tena. Ulitaka kulinyanyua mara moja, ndiyo maana limekuumiza. Lipandishe upana wa kidole kimoja, uweke kibao. Kidole kingine, kibao kingine."

"Na watu wasimame wapi?"

"Popote, ila si upande linakoelekea. Hilo usimsamehe mtu, hata mkubwa wako."

Alimwazima mitaimbo miwili, bomba la chuma la kurefushia mpini, na gunia la vibao.

Wiki iliyofuata Dorkasi hakuweza kushika chaki, kwa hiyo Brightness ndiye aliyeandika ubaoni. Walitoa ubao wa dawati bovu, wakauweka juu ya tofali, wakapima kwa rula umbali wa kila upande, wakabadilisha, wakapima tena. Wengine walibishana hadi wakashikana mashati. Dorkasi aliwaacha wabishane. Siku ya tatu alimwita mwalimu mkuu darasani, akamwomba asimame kwenye ncha fupi ya ubao.

"Mwalimu, mimi si mzigo," alisema Batholomeo, lakini alipanda na viatu vyake vilivyong'arishwa.

Tabu, msichana mdogo kuliko wote darasani, alikalia ncha ndefu. Mwalimu mkuu alipaa. Darasa liliangua kicheko, naye akiwa juu amenyoosha mikono kama anayevuka mto, alimtazama Tabu chini, kisha akamtazama Dorkasi.

"Nishusheni," alisema hatimaye. Alipokanyaga sakafu alijifuta mikono. "Watoto hawatagusa chuma."

"Hawatagusa. Watawaelekeza wazazi wao."

Siku ya kazi walikuja akina mama zaidi ya thelathini na wanaume wachache. "Mbukwenyi," waliamkiana kwa Kigogo, wakauzunguka mwamba. Mzee Methusela alisimama mbele yao na fimbo yake.

"Mwalimu, tusubiri wilaya. Likizivunja pete za zege za kisima, lawama ni yangu."

"Shikamoo, mzee. Tutalisogeza polepole, halitazigonga. Lakini hivi sasa, hizo pete zinatupa maji gani?"

Mzee aliishusha fimbo. Akasogea pembeni.

Saa nzima ya kwanza hakikuonekana kitu. "Mama, egemeo liko mbali!" watoto walipiga kelele. "Lilete karibu na mzigo! Bado! Karibu zaidi!" Akina mama walicheka, wakakasirika, wakasogeza. Watano walining'inia kwenye bomba. Chini ya mwamba ukatokea mstari mwembamba wa mwanga, na Dorkasi, akitumia kijiti kirefu, akasukumia kibao cha kwanza.

Kidole kimoja.

Kufikia adhuhuri vilikuwa vidole saba. Jua liliwaka, mikono ilichubuka, baadhi ya watu wakaenda zao. Brightness alichuchumaa upande wa juu, akaitazama ardhi kwa muda mrefu.

"Mwalimu, kwa nini tunalibeba? Tulichimbie mteremko kule chini, kando ya kisima. Likifika ukingoni litakwenda lenyewe."

Dorkasi aliyapima maneno hayo. Hayakuwamo katika chochote alichomfundisha.

"Chimbeni," alisema.

Walichimba hadi jioni na asubuhi yake tena. Mzee Methusela alivua koti, akaushika mtaimbo wa pili, akamgeukia Tabu. "Haya, niambie niweke wapi." Tabu alimwonyesha kwa kidole. Dorkasi alizunguka eneo lote, akamwondoa kila mtu upande wa chini, hata mwalimu mkuu, ambaye alitii mara moja.

Kibao cha ishirini na moja kilipoingia, mwamba uliinama. Haukuanguka kwa kishindo kama walivyotazamia. Ulisita, ukatoa mlio wa changarawe, kisha ukateleza kwenye mteremko waliouchimba na kutulia bondeni. Pete moja ilipata ufa. Nyingine zote zilikuwa nzima.

Watu walisogea karibu. Walikuwa wakilitazama shimo jeusi lililofunguka, wakiinusa harufu ya ubaridi iliyotoka ndani yake.

Ndoo ya kwanza ilipanda na tope tupu. Ya pili tope na majani yaliyooza. Mama mmoja alisema kisima kimekufa, mwingine akamnyamazisha. Mwalimu Batholomeo alikunja mikono ya shati, akaingia kwenye mstari wa wanaovuta kamba. Dorkasi alisimama nyuma yake, akaishika kamba kwa mkono wa kushoto, na wote wakavuta. Ndoo ikapanda, ikamwagwa, ikashushwa. Miguuni mwao tope lilitiririka kuelekea bondeni, na kila lilipopita liliacha njia nyembamba iliyolowa, na kila ndoo ilipomwagwa wasichana waliinama kuitazama rangi yake, kuona kama tope limeanza kuwa maji.