Baruti ya Matangani

Bunduki ya mwindaji aliyekufa sharti imlilie mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa desturi vilimani nyuma ya Baraka: siku ya kuondoa matanga, pupu ya marehemu, ile bunduki ya kushindilia baruti mdomoni, ilifyatuliwa mara moja kaburini, kisha kapita, msimamizi wa kijiji, akaipeleka Fizi kwa serikali, kama sheria ilivyotaka. Na aliyeifyatua alikuwa mwindaji mwenzake, mtu mwenye kibali.

Kwenye matanga ya Mzee Asukulu, aliyeifyatua alikuwa Bonaventure, mtoto wa kapita, asiye na kibali cha bunduki yoyote. Alishindilia baruti kama mtu anayejaza gunia la mihogo. Mtutu ukapasuka, na kipande cha chuma kikamwingia begani Émilienne, binti wa Florentine, aliyekuwa akiwapelekea wageni maji.

Sasa mtoto alikuwa amelala dispanseri, mkono hauinuki, na mwami, mtawala wa jadi, alikuwa amekuja Baraka kusikiliza neno hilo mbele ya watu.

Kapita Norbert alisimama wa kwanza, kofia mkononi.

“Mwami, bunduki imeumiza mutoto wetu. Leo ni yeye, kesho ni mwingine. Tuombe sheria mpya. Mapupu yote, ya wenye kibali na ya wasio nacho, yakusanywe, yafungiwe Fizi.”

Hakutaja jina la mtu. Ungedhani pupu ile iliamka yenyewe asubuhi, ikanawa uso, ikaenda matangani.

“Kapita anasema vizuri,” alisema Saumu, mchuuzi wa dagaa waitwao ndagala, rafiki wa Florentine. “Siye bamama tunataka batoto bazima. Bunduki ikikosekana, kidonda kitatoka wapi?”

Wanawake wakaitikia. Wote wakamtazama Florentine, maana ndiye mama wa kidonda, na ilitarajiwa alie kidogo na kukubali.

Florentine hakuyadharau maneno ya Saumu. Siku ile alipombeba mtoto, damu ikimlowesha kifua, yeye mwenyewe alitaka kila bunduki ya nchi hii itupwe ziwani. Lakini kadiri alivyokaa kando ya kitanda cha dispanseri, ndivyo neno jingine lilivyozidi kumkaba. Sheria iliyokuwapo ilimkataza Bonaventure hata kuigusa pupu ile. Watu wote walijua. Walimwona akiishika, wakanyamaza kwa sababu ni mtoto wa kapita, na yeye Florentine akanyamaza pamoja nao, akaendelea kusonga ugali.

Alipojiinua, mume wake Raphaël alimvuta kitenge.

“Mama Émilienne, ikaa,” alinong’ona. “Ukivuta huo uzi, utafika kwetu.”

Florentine alijua. Asubuhi ya matanga, Bonaventure alikuja kwao kuomba baruti, na Raphaël akammiminia kutoka katika pembe yake. Utamnyimaje mtoto wa mtu anayechagua nani aende kulima barabara kwa lazima na nani abaki kwake? Raphaël alikuwa mwindaji mwenye kibali. Pupu yake ndiyo iliyozuia nguruwe wa porini wasimalize mihogo ya kilima kizima. Lakini baruti ya kibali hapewi mtu mwingine. Hilo nalo lilikuwa sheria.

Florentine akakitoa kitenge mkononi mwake taratibu, kama anavyomtoa mtoto aliyelala.

“Mwami, mi siombe sheria mpya.”

“Ehe!” mtu akacheka nyuma. “Leo bibi wa Raphaël atatufundisha sheria!”

“Bunduki haina miguu,” alisema Florentine. Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. “Bonaventure ndiye aliishika. Hana kibali. Tulimuona, mi pia nilimuona. Na baba yake alikuwa hapo, naye ndiye mulinzi wa sheria kwetu.”

“Shemeji,” kapita akasema kwa upole, “hasira ya mama tunaielewa. Ndiyo maana tunataka sheria kali zaidi.”

“Ya zamani ikifika mulangoni kwako inavua kofia, baba kapita. Hiyo mpya itaingia na viatu?”

Watu waliangua kicheko, hata Saumu, aliyejiziba mdomo kwa mkono. Kapita hakucheka. Akageuza kofia yake polepole, kisha akauliza swali alilolijua jibu lake.

“Basi utuambie, shemeji. Hiyo baruti ilitoka wapi?”

Kicheko kikafa. Florentine hakumtazama mume wake, kwa kuwa angemtazama asingeweza.

“Ilitoka kwetu. Raphaël ndiye alimupa. Yeye pia sheria imupate.”

Mwami akaamua kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyuma. Bonaventure angepelekwa Fizi na polisi. Norbert angevuliwa ukapita. Raphaël angesalimisha pupu na kibali mpaka mavuno yapite.

“Na sheria mpya?” Saumu aliuliza.

“Tuone kwanza kama hii ya zamani inatembea,” mwami akajibu.

Raphaël alikwenda nyumbani peke yake. Hakumpiga mke wake wala hakumtukana. Yeye mwenyewe alipeleka pupu Fizi, akarudi mikono mitupu, akala akiupa ukuta uso. Mikono yake haikujua pa kukaa.

Nguruwe hawakuchelewa kupata habari. Florentine alikuta matuta ya mwanzo yamefukuliwa, mihogo imetafunwa. Alilia hapo hapo, kidogo, kisha akafuta uso, akatafuta bidoni kuukuu, dumu la mafuta, na mti. Jua lilipoanza kushuka kuelekea ng’ambo ya kilima, aliingia shambani, akaanza kuipiga kuwatisha nguruwe, akipaza sauti, mpaka mkono ukafa ganzi.

Akasikia bidoni ya pili ikilia upande wa msituni, na akamtambua mpigaji kabla hajamwona.

“Unapiga kama mutu anayebembeleza,” Raphaël alisema kwa sauti kavu. “Nguruwe watalala usingizi.”

“Basi unifundishe.”

Raphaël alisogea hatua kadhaa, akasimama mahali alipokuwa akisimama na pupu yake, akapiga kwa nguvu. Florentine akahamisha mti mkono wa pili, akapiga pia.