Raudha Mbili

Kati ya Mmwera na Mngoni kuna utani wa tangu enzi za mababu, na Raudha na Selestini waliutumia utani huo bila kuubania. Raudha alifundisha kompyuta katika kituo kidogo nyuma ya soko la Nachingwea. Selestini, aliyezaliwa Songea na kuletwa Nachingwea angali mtoto, alitengeneza simu na redio kwenye kibanda cha jirani, mdomo wake ukifanya kazi kuliko bisibisi. Kila asubuhi alichungulia dirishani akauliza kama Wamwera wameshatoka porini walikokimbilia babu yake alipopita. Raudha alimjibu kwamba babu huyo alipita akiwa na njaa, na mjukuu bado anayo. Kisha walikunywa chai. Raudha hakuwa na rafiki mwingine wa namna hiyo.

Mwaka 2008 umoja wa wakulima wa ufuta huko Ruangwa ulitafuta mtu wa kuwawekea programu ya mizani: mkulima analeta gunia, uzito unaingia kwenye kompyuta, stakabadhi inatoka. Raudha alikuwa ameshaiandika programu ya namna hiyo, kwa lugha ya Python. Kazi hiyo ndiyo ingemtoa kwenye kuwafundisha watu kuchapa barua za maombi kwa kidole kimoja. Waliafikiana kuifanya wawili, yeye kwenye kompyuta, Selestini kwenye nyaya, umeme na maneno.

Ila programu haijiendeshi yenyewe. Kila kompyuta lazima kwanza iwekewe Python. Kwenye Windows si kitu: faili moja, unabonyeza, unakubali, unakubali tena, unakwenda kunywa maji. Lakini Ruangwa walikuwa wamepewa msaada wa kompyuta za mfumo wa Linux, na huko kuna msimamizi wa vifurushi, yaani programu inayoingiza programu nyingine, naye ni mkali kama shangazi wa bwana harusi. Unamwomba kifurushi kimoja, anakwambia hiki hakiingii bila kile, na kile hakiingii bila vile vingine, na vyote anataka kuvivuta kutoka kwenye intaneti. Intaneti yenyewe Ruangwa ilikuwa ya kuhadithiwa.

Basi Raudha akaenda Dar es Salaam, akafikia kwa dada yake Mbagala, akawa anashinda kwenye duka la intaneti akishusha kifurushi kimoja kimoja mpaka mwenye duka akamchoka. Alirudi na vyote kwenye diski mbili. Msimamizi yule, ukishampa diski mara moja, analishika jina uliloipa, na siku akihitaji kitu kilichomo anaiitisha kwa jina hilo hilo. Raudha aliziita Raudha Moja na Raudha Mbili.

"Wamwera bwana," Selestini alisema. "Wenzenu wanabatiza watoto, nyie mnabatiza sahani."

Safari ikiwa imekaribia, mjomba wake Raudha akafariki huko Lionja. Selestini alikuja msibani kama mtani anavyotakiwa. Alijilaza njiani mbele ya jeneza akadai halipiti mpaka apewe kuku. Alivaa kofia ya marehemu, akamwigiza alivyokuwa akikohoa, hadi mama yake Raudha, aliyekuwa hajatia kitu mdomoni tangu kifo cha kaka yake, akacheka huku analia na kuomba uji. Siku ile Raudha alimpenda Selestini kama ndugu wa tumbo moja.

Watu walipotoka makaburini, Selestini alimvuta Raudha pembeni. "Kaa na mama," alimwambia. "Ruangwa nitawaambia watusubiri mpaka msiba uishe. Nipe hizo diski na programu nikajizoeze kidogo, nisije nikakutia aibu mbele za watu."

Raudha akampa. Akamshukuru pia, na hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko mengine yote.

Msiba ukaisha. Ruangwa, kwa maelezo ya Selestini, bado walikuwa wanajadiliana. Wazee wale unawajua, mtani, kikao kinazaa kikao. Baadaye naye akawa haonekani kibandani. Mara ana mteja Nambilanje, mara simu haipatikani. Raudha alisubiri. Nakala za diski alikuwa nazo kabatini na hakuona sababu ya kuzigusa.

Kisha akapigiwa simu na mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Dionisia, karani wa umoja wa ufuta, Ruangwa.

"Samahani dada, wewe ndiye Raudha wa kompyuta? Fundi wetu yuko tawini Nambilanje, hapatikani. Wakulima wamejaa hapa. Nimechomeka printa mpya, sasa kompyuta inataka niingize diski inayoitwa Raudha Mbili. Nimepekua droo zote. Ikabidi niulize Raudha ni nani, nikaambiwa Nachingwea kuna mwalimu."

Raudha aliuliza fundi wao ni nani, ingawa alishajua.

"Kaka Selestini. Ametuwekea programu yake, nzuri kweli."

Programu yake. Hasira ilichelewa kuja. Iliyotangulia ni aibu, kama ya mtu aliyezunguka mjini kutwa nzima na doa nyuma ya gauni, na rafiki yake anatembea nyuma yake na kulitazama.

Angeweza kukata simu. Badala yake alichukua diski kabatini, akapanda lori la mizigo, akashuka Ruangwa vumbi tupu. Alikuta watu wamekalia magunia yao nje ya ofisi. Aliingiza diski, akabonyeza, msimamizi wa vifurushi akachukua alichokihitaji, na printa ikaanza kulia. Dionisia alikuwa bado anamshukuru pikipiki ilipofika. Selestini alisimama mlangoni, akamwona, uso ukamshuka. Ulimshuka kidogo tu, maana alikumbuka silaha yake.

"Jamani, Mmwera kanusa ufuta," alisema. "Mzee Masoudi, huyu mtani wangu. Kakaa kulia huko Lionja, Mngoni kapita na kila kitu. Si ndiyo kawaida yetu?"

Ofisi nzima ikacheka. Mzee Masoudi, mwenyekiti wa umoja, alicheka mpaka akashika meza. Kisha wote wakamgeukia Raudha kusubiri jibu lake, maana mtani akichukua chako huna pa kumshtaki. Na wewe unachukua chake siku yako ikifika, na anayenuna ndiye mshamba. Raudha aliuona mtego. Akikasirika ameshindwa, akicheka amebariki. Majibu makali, ya kuchekesha, yalimjaa mdomoni, akayameza.

"Bwana Selestini," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Kicheko kikapungua.

"Programu niliiandika mimi. Diski ni zangu, ndiyo maana kompyuta imeniita mimi. Ulikuja ukaniomba msibani, nikakupa, nikakushukuru."

"Mtani, na wewe," Selestini alisema. "Ni utani tu."

Mzee Masoudi alikohoa. Alisema kwa upole kwamba mkataba umeshasainiwa na msimu umeshaanza, hayo mengine wakayamalize wenyewe huko kwao. Raudha hakupata haki nyingine Ruangwa zaidi ya hiyo.

Alitoa diski, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaitia mkobani. Dionisia aliuliza kwa sauti ndogo itakuwaje ikiitishwa tena.

"Fundi wenu anayo ya kwake," Raudha alisema. "Ina jina langu. Atalizoea."

Selestini alimfuata hadi nje, kwenye magunia, mbele ya wakulima. "Raudha. Mtani. Usiondoke hivyo, bora unitukane."

Raudha aligeuka. Alisema taratibu, kila aliyekuwepo asikie.

"Siku mama yangu akifa, usije."