Kitwitwi wa Kifua Chekundu

Ifahamike kwa wakubwa na wadogo, waliopo na wajao, kwamba siku ya Jumanne, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, kitwitwi wa kifua chekundu, mgeni kutoka kaskazini ya mbali, alitua kwa mara ya kwanza kando ya bwawa la majitaka nyuma ya jiko la shule.

Hakutua. Alitungwa na msichana wa kidato cha tatu, aliyeitwa Waziri kwa kupenda matangazo, na aliyechoka kuhesabu kunguru. Kunguru wenyewe si wa hapa. Waliletwa zamani, wakanogewa, wakawatimua ndege wenyeji. Kila asubuhi Chama cha Ndege kiliwahesabu: mia mbili na tatu, mia mbili na kumi na moja. Basi Waziri akafungua kitabu cha picha, akamchagua ndege mzuri kuliko wote, akanakili rangi zake kwenye daftari kwa mwandiko wa heshima.

Alitarajia kucheka. Kicheko hakikuja. Tangu mama yake azikwe likizo iliyopita, mizaha aliifanya kwa mazoea tu, kama mtu anayepiga mswaki.

Mlezi wa chama, mwalimu wa bayolojia aliyeitwa kisirisiri Babu Darubini, alisoma ukurasa ule mara mbili, kisha akaketi. Miaka kumi na tisa alilijaza daftari lile bila kuruka siku. Mgeni adimu huhitaji mashahidi wawili. Akachukua kalamu, akatia sahihi yake chini ya ile ya Waziri.

"Lakini Mwalimu hukumwona," alisema Waziri.

"Umemwona wewe. Yatosha."

Wiki ya tatu ikaja barua ya kamati inayohakiki kumbukumbu za ndege.

"Mheshimiwa, unaitwa maabara," jirani wa kitanda alimwambia Waziri bwenini. "Beba na shuka, naona kikao kirefu."

"Nikichelewa, nakurithisha sabuni."

"Kile kipande? Kaa nayo tu."

Maabara ilinuka spiriti. Babu Darubini alimsomea barua bila kupandisha sauti. Ndege yule huvaa kifua chekundu akiwa kwao, msimu wa kutaga. Akija huku kupumzika huwa wa kijivu, kijivu cha majivu. Maelezo ya shule yalifanana na picha ya kitabuni. Kama kuna kosa, aliyeandika akiri, mstari mmoja ufutwe. Wakishikilia uongo, daftari zima litakataliwa, miaka yote kumi na tisa.

"Nimeshawajibu," alisema mwalimu. "Nimewaambia huenda alichelewa kubadili manyoya. Hutokea, mara chache. Nimewaambia mwanafunzi wangu ana macho."

Alikuwa anapaka gundi kwenye bahasha, taratibu, mpaka kwenye kona. Waziri aliviangalia vidole vile. Alijua kwamba angepaswa kuona aibu, akaisubiri, kama mtu anayebonyeza mguu uliokufa ganzi. Hakuna kitu. Lakini bahasha ilikuwa inafungwa.

"Usiifunge, Mwalimu."

Mkono ukasimama.

"Hakukuwa na ndege. Nilimtoa kitabuni, ukurasa wa themanini na nne. Ulipotia sahihi nilikuwa nimesimama hapo, nakuangalia, nikauficha ukweli."

Mwalimu aliiweka bahasha mezani. "Kwa nini, mwanangu?"

Waziri aliiweka kando sauti ya kiwaziri.

"Nilitaka nicheke," alisema. "Nikashindwa."