Baridi ya Mama Mkwe

Kwenye ukuta wa karakana yangu nimeandika kwa rangi nyekundu: HATUJAZI GESI BILA KUTAFUTA INAPOVUJIA. Ukija na gari ambalo kiyoyozi chake kinapuliza hewa ya moto, utasoma hapo kabla sijakusalimia. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama petroli. Ikipungua, ujue pana mahali inapovujia. Lakini mtu ananiletea gari la enzi za babu yake, anataka nimjazie aondoke zake, nami namwambia kwamba huko ni kutwanga maji kwenye kinu. Wengi hununa. Dereva mmoja wa teksi, ambaye tunamwita Honi kwa sababu hajui kubisha hodi kwa njia nyingine, alinuna hadi nikamwonea huruma.

"Fundi, teksi ikilala na mimi nalala njaa," aliniambia.

"Iache ilale. Ikiamka itakuwa friji."

Nikailaza kweli. Nilipaka povu la sabuni kwenye kila kiungio mpaka nikaona linapotoa mapovu, nikabadilisha mpira wa hapo, nikafyonza hewa na unyevu wote kwa pampu, ndipo nikajaza gesi kwa kuipima kwenye mizani. Honi alipowasha, akacheka peke yake.

Gari langu mwenyewe, zee vilevile, lilikuwa halipozi. Nilikuwa nikiliendesha huku nimefunga vioo na jasho linanitiririka, ili wateja wasinicheke. Wanasema kinyozi hajinyoi, nami methali hiyo niliichukua kama ruhusa.

Ndipo mama mkwe akapangiwa kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikwisha kufa zamani, na hili la kulia ndilo alilobaki nalo. Mke wangu alinieleza mapema, tena kwa upole.

"Njia ya hospitali inachimbwa, ni vumbi tupu. Vioo havitafunguka, na mama hatakiwi kutoka jasho. Baba watoto, tengeneza hilo gari."

"Hesabu limeshapona," nikasema.

Kila siku nikasema kesho. Siku ya kumchukua ilipofika, nilifungua boneti dakika za mwisho. Kwenye kiungio cha bomba, karibu na kondensa, ile rejeta ya kiyoyozi, palikuwa na doa jeusi la mafuta lililoshika vumbi. Fundi yeyote wa kiyoyozi akiona doa hilo anajua kwamba gesi inatokea hapo. Mpira wa kubadilisha nilikuwa nao kwenye droo. Nikachukua kitambaa, nikalifuta doa, nikajaza gesi. Baridi ikatoka. Nikajiambia itatufikisha nyumbani.

Hospitalini, muuguzi alinikabidhi mama mkwe akiwa na bandeji jichoni. "Bandeji isilowe," alisema. "Ikilowa, mrudisheni mara moja."

Nilimketisha nyuma. Baridi ilipomfikia akashusha pumzi.

"Umelitengeneza mwenyewe, baba?"

"Mwenyewe, mama."

Tulipofika barabara inapochimbwa, magari yakasimama. Nikasikia *fyuu* chini ya boneti, nikajua mpira ule umeachia. Hewa ikawa vuguvugu, kisha ikawa moto. Vumbi lilikuwa limetufunika, na kufungua kioo ilikuwa haiwezekani. Ningeweza kusema. Ningeweza kugeuza gari pale pale nikamrudisha kwenye kivuli cha hospitali tukatafuta usafiri mwingine. Lakini mbele ya mke mtu hukosea, akasemwa, yakaisha. Mbele ya mama mkwe ulimi wangu uligoma.

"Mama, husikii joto?" niliuliza kinafiki.

"Joto la wapi, baba," akajibu. Akavuta mtandio, akajifunika mabega kama mtu mwenye homa. "Hii baridi yako itanitia mafua."

Nilimwangalia kwenye kioo. Jasho lilikuwa likitoka kwenye nywele, likishuka kwenye paji la uso kuelekea kwenye bandeji, naye ameshika mtandio kwa mikono miwili. Alikuwa ananisitiri. Nami, mtu mzima na ndevu zangu, nikakubali kusitiriwa mpaka nyumbani.

Mke wangu alimpokea mlangoni, akamgusa mgongo. "Mama, umelowa."

"Nimejimwagia maji ya kunywa."

Mke wangu akaitazama bandeji iliyolowa, kisha akanitazama mimi. Laiti angenitukana. Alichukua simu tu, akampigia Honi.

Tulikwenda sote kwa teksi yake. Muuguzi alibadilisha bandeji, akamulika jicho kwa muda mrefu, nami nimesimama nyuma ya mlango kama mwizi anayesubiri hukumu. Akatoka akasema tuna bahati, jicho limesalimika, lakini isirudiwe tena. Njiani kurudi nilikaa mbele na Honi, nikaanza hata kuamini kwamba mambo yamekwisha.

Nyuma, mama mkwe aliushusha mtandio begani.

"Huku kuna baridi kweli," alisema.

Ulimi hauna mfupa, na wa Honi ndio kabisa. "Mama, hiyo ni kazi ya mkweo huyu. Nilimbembeleza anijazie gesi hivi hivi nikatafute riziki, akakataa katakata. Akasema anayejaza bila kutafuta inapovujia ni tapeli. Alihangaika na hili gari mpaka akapata kijitundu hata macho hayakioni. Tangu hapo baridi ni hiyo hiyo."

Nilitamani afumwe na askari wa barabarani, asimamishwe, anyamaze. Hakuna aliyemsimamisha.

Mama mkwe aligeuza uso upande wangu.

"Kumbe kazi unaijua," aliniambia, taratibu, bila hasira yoyote. "Mimi nilidhani huijui, baba. Ndiyo maana nikajifunika."

Mke wangu alikuwa akitazama nje.

Kisha mama mkwe akanyoosha mkono, akapapasa mpaka ukafika kwenye bega la Honi. "Dereva," alisema, "siku ya kufungua bandeji, nitakuomba uje unichukue wewe."