Zamu ya 7919

Bweni letu liligawana kazi kwa hesabu, maana mlezi wetu alikuwa mwalimu wa hisabati na hakuamini kitu kingine. Jumatatu, kila ambaye namba yake ya usajili inagawanyika kwa mbili bila baki alichota maji. Jumanne ilikuwa zamu ya wanaogawanyika kwa tatu, kudeki. Jumatano tano, Alhamisi saba, Ijumaa kumi na moja.

Yangu ilikuwa 7919. Kila siku ilibaki na kitu. Namba tasa. Wiki ya kwanza nilijilaza kitandani kama sultani aliyestaafu, nikiwapungia wenzangu mkono.

"Endeleeni kulijenga taifa!"

Jirani yangu wa kitanda alikuwa 7920. Maskini, alinaswa siku nne kati ya tano. Lakini alirudi shati limelowa, hana mbavu kwa kicheko.

"Kuna nini?"

"Ah, ndugu yangu, ungekuwepo ungeelewa."

Kufikia wiki ya tatu bweni zima lilikuwa na utani nisioujua. Nikampakia Jirani chumvi kwenye mswaki. Hakuhangaika kumtafuta mhalifu. Aliyeshinda bwenini alikuwa mmoja tu. Nami sikuwa na wa kumkonyeza. Kumfanyia mtu kituko bila shahidi ni kazi ya huzuni sana.

Nikaenda kwa mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba zamu."

"Marahaba. Niletee kigawanyo chochote, nikupange na wenzako wenye nacho."

Siku mbili niligawa. Kumi na tatu, baki mbili. Kumi na saba, baki kumi na nne. Hadi themanini na tatu, baki thelathini na nne. Kisha 89 mara 89: 7921. Zimezidi mbili tu! Kwenda mbele hakukuwa na maana; kigawanyo kikubwa kingehitaji mwenzake mdogo, na wadogo wote walikwisha kunikataa.

Nikaandika 89 × 89 = 7919, nikaipeleka kwa uso wa msibani.

Mwalimu hakugusa hata kalamu. "Tisa mara tisa huishia na ngapi?"

"Moja, mwalimu."

"Wenzako hudanganya ili wakwepe kazi. Wewe una nini, mwanangu?"

Nikakunja karatasi yangu, nikaitia mfukoni.

"Basi, yako inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe," alisema. "Jumatatu utafagia ukumbi. Peke yako."

Nilifagia chini ya viti mia tatu. Kelele za bombani ziliingia madirishani. Nikaegemeza ufagio ukutani, nikatoka.

"Wee, leo si zamu yako," alisema Jirani.

"Hakuna siku iliyo yangu."

Alinitazama. "Haya, shika upande huu wa pipa. Usimwage."

Njiani mtu akasema, "Kofia ya mpishi!" Wote wakaangua kicheko hadi maji yakaruka. Nikacheka nami, nimechelewa kidogo, nikiwachungulia nyuso nijue wakati wa kunyamaza.